Ofisi Moja, Majina Matatu: Nusu Karne ya Mfanyabiashara Mdogo, Ikitazamwa kutoka Kipushi

Mwezi Januari 1973 serikali ya Zaire ilianzisha ofisi iliyopewa kazi moja: kumkuza mwananchi mwenye biashara ndogo au ya kati. Iliitwa OPEZ, Ofisi ya Kukuza Biashara Ndogo na za Kati za Kizaire. Zaire ilipotoweka mwaka 1997 na nchi kurudia jina la Kongo, herufi moja ilibadilika na ofisi ikawa OPEC. Mwaka 2020 ilivikwa jina la tatu, ANADEC, Wakala wa Taifa wa Kuendeleza Ujasiriamali wa Kikongo, na mwaka 2023 ikatimiza miaka hamsini. Historia yake kwa kawaida husimuliwa kutoka Kinshasa, kwa amri na waraka. Hapa itasimuliwa kutoka Kipushi, mji wa mgodi wa Katanga ulio yapata kilomita 30 kusini-magharibi ya Lubumbashi, pembeni kabisa mwa mpaka wa Zambia. Sababu ni kwamba Kipushi imeonja kila hali ambayo ofisi hiyo iliumbwa kuishughulikia: mgodi ulipokuwa mnene, ulipofungwa mwaka 1993, na ulipofunguliwa tena mwaka 2024. Anayeisoma historia hiyo kutoka hapa anaona jambo ambalo makaratasi ya Kinshasa huwa hayalisemi. Kwa muda wote huo mfanyabiashara mdogo amehesabiwa kuwa mtu aliyekosa mkopo. Kilichomkwamisha zaidi ni kukosa mteja mkubwa anayelipa kwa wakati, na kukosa karatasi inayomtambua mbele ya sheria. Vitu hivyo viwili vikipatikana, fedha hufuata. Visipopatikana, hata fedha taslimu iliyo mkononi huyeyuka, na Katanga ina ushahidi wa kutosha wa hilo.

Kwanza nieleze ni nani tunayemzungumzia. Katika nchi nyingine, Marekani kwa mfano, mjadala wa mitaji kwa walioachwa nyuma huwa ni mjadala wa makundi yaliyo machache kwa idadi. Katanga mambo yamekaa kinyume: walioachwa nje ya mlango wa benki ndio walio wengi. Ni Wakongo katika nchi yao wenyewe, na ndani yao wanawake, wafanyakazi wa zamani wa migodi, vijana wasio na hati ya kiwanja, na watu ambao asili yao ya mkoa mwingine imewahi kugeuzwa kuwa kosa. Uchache wao uko kwenye daftari za mikopo na kwenye orodha za wanaoziuzia kampuni kubwa.

Hali hiyo ina mzizi wake. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa Oktoba 1906, na uchimbaji wa Kipushi, katika mgodi ulioitwa Prince Léopold, ulianza katikati ya miaka ya 1920. Kuanzia mwishoni mwa miaka hiyo kampuni iliamua kuwatuliza wafanyakazi wake mahali pamoja: iliwajengea kambi, ikawapa unga na mgao wa chakula, ikaweka hospitali, shule na kantini. Watu wa Katanga walilifupisha jambo hilo kwa msemo kwamba kampuni njo baba, njo mama, na mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi amelichunguza kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu watoto wa Shaba (jina la Katanga enzi za Zaire) walioachwa na baba yao. Tukitazama kwa jicho la biashara, malezi hayo yalikuwa na gharama ambayo haikuandikwa popote. Kampuni inayolisha, kuvika na kutibu haimhitaji muuza unga wa mtaani, wala fundi cherehani, wala mwenye duka la dawa. Rejareja iliyobaki mjini ilikuwa mikononi mwa Wagiriki, Wareno, Wataliano na wageni wengine. Uhuru ulipofika mwaka 1960 Katanga ilikuwa na mafundi wa kuchomelea, mafundi umeme, madereva na makarani kwa maelfu, lakini wenye karakana zao wenyewe walihesabika. Ndiyo maana hoja kwamba Mkongo hakuwa na ujuzi wa kuendesha biashara haisimami: ujuzi ulikuwepo, tena wa hali ya juu, ila uliishi ndani ya uzio wa mwajiri mmoja.

Kampuni ilitaifishwa kuanzia Januari 1967 na baadaye ikaitwa Gécamines, lakini desturi yake ya kulea iliendelea, na uzio ukabaki. Ndipo ukaja mwaka 1973, mwaka ambao ningemshauri yeyote anayetaka kuielewa OPEZ ausome mwezi kwa mwezi. Januari ofisi inazaliwa. Julai 20 inatoka sheria ya ardhi inayosema ardhi yote ni mali ya dola isiyoweza kuhamishiwa mwingine, na mtu binafsi hupewa tu haki ya kuitumia, ikithibitishwa kwa cheti cha usajili. Novemba 30 Rais Mobutu anatangaza hatua za kuzifanya biashara za wageni kuwa za Wazaire. Hatua mbili za mwisho ziliifunga mikono ile ya kwanza. Sheria ya ardhi iliifanya hati ya kiwanja kuwa karatasi inayotoka serikalini kwa hatua nyingi na gharama nyingi, wakati benki haikujua dhamana nyingine isipokuwa hati hiyohiyo. Tangazo la Novemba nalo liligawa maduka, mashamba na viwanda vidogo kwa watu walioitwa waliopokea, wengi wao wakiwa wanasiasa na jamaa zao. Wengi waliuza shehena iliyokuwa dukani, na ilipokwisha hawakuwa na mikopo ya wasambazaji wala uzoefu wa kuagiza nyingine. Rafu zikawa tupu. Kufikia 1975 na 1976 serikali ilikuwa ikirudisha sehemu ya mali kwa wenyewe wa zamani.

Ni rahisi kusema kwamba mwaka ule uliwapa Wazaire mtaji na wakaupoteza. Sisomi hivyo. Waliopata maduka hawakuwa wale ambao OPEZ iliundwa kwa ajili yao. Fundi wa Kipushi aliyejua kurekebisha pampu hakupewa karakana. Alipewa mtu aliyejulikana Kinshasa. Na hata kama angepewa yeye, mteja wake angekuwa nani? Bei ya shaba katika soko la dunia iliporomoka kwa zaidi ya nusu ndani ya mwaka 1974, reli ya Benguela ya kupitisha madini hadi bahari ya Angola ilikatika mwaka 1975, na vita vya Shaba vya 1977 na 1978 vikaja juu yake. Ofisi changa iliyokuwa na makao umbali wa zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano, katika nchi isiyo na barabara nzuri ya kuunganisha pande hizo mbili, ingeweza kutoa semina na ushauri. Haikuweza kumfanya Gécamines anunue kwa fundi wa mjini.

Miaka iliyofuata iliongeza taasisi, na kila moja ilichukua kipande cha kazi ya ile ya kwanza. Mwaka 1989 uliundwa Mfuko wa Kukuza Viwanda, FPI, unaolishwa na kodi inayotozwa kwenye bidhaa. Mwaka 1990 sheria ya biashara ndogo ilihifadhi rejareja ya kiwango cha chini kwa wananchi, wakitakiwa kulipia patenti, yaani leseni ya biashara ndogo. Lakini uchumi wa Katanga ulikuwa tayari umeanza kubomoka kutoka chini ya ardhi: mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, na uzalishaji wa shaba wa Gécamines, uliokuwa karibu tani 476,000 mwaka 1986, ulishuka chini ya 50,000 ilipofika 1993. Mwaka huohuo Kipushi ilisimama. Pampu tu ndizo ziliendelea kuzunguka ili maji yasimeze mashimo.

Na kulikuwa na jeraha lingine ambalo historia za taasisi huwa zinalipita haraka. Mwaka 1992 na 1993, katika miji ya Likasi na Kolwezi, maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, wengi wakiwa wamezaliwa Katanga. Waliacha nyumba, karakana, vyombo vya kazi na madeni ambayo hawangeyakusanya tena. Nalitaja hapa kwa sababu linahusu moja kwa moja swali la nani asaidiwe. Kila mpango unaosema utamlinda mwenyeji lazima useme wazi kwamba mwenyeji ni raia. Mara tu neno hilo linapoanza kumaanisha kabila au mkoa wa babu, msaada wa biashara hugeuka kuwa njia ya kumpokonya jirani, na mji mzima hupoteza mafundi, wateja na mtandao wa biashara uliojengwa kwa vizazi viwili.

Ushahidi mkubwa zaidi wa hoja yangu ulitokea kati ya mwaka 2003 na 2004. Gécamines, ikiwa imeshindwa kulipa mishahara kwa miezi mingi, iliwaondoa wafanyakazi 10,655 katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Kila mmoja alipewa kiasi kwa mkupuo. Ni nadra katika historia ya Katanga fedha taslimu nyingi hivyo kuingia kwa wakati mmoja katika mikono ya watu wa kawaida, bila dhamana, bila riba, bila foleni ya benki. Kama kikwazo kingekuwa mtaji peke yake, miji ya migodi ingejaa biashara zenye afya. Mwanaanthropolojia Benjamin Rubbers, aliyewafuatilia wafanyakazi hao na kuandika kitabu juu yao mwaka 2013, anaonyesha jinsi wengi walivyojaribu gari la abiria, duka, kinu cha unga au shamba, na jinsi fedha zilivyokwisha. Sababu zilikuwa nyingi: madeni ya zamani, karo za watoto, jamaa waliokuja kuomba. Lakini yapo pia mahesabu ya kawaida kabisa. Maelfu ya watu walifungua biashara zilezile, katika miji ileile, kwa ajili ya wateja ambao nao walikuwa wamepoteza mshahara siku ileile. Mnunuzi mkuu wa mji alikuwa Gécamines na mishahara yake, na yeye ndiye aliyekuwa amekufa kifedha.

Wapo watakaopinga kwamba walikosa pia elimu ya biashara, na kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ni kweli, na methali hiyo ingefaa kuandikwa juu ya mlango wa kila ofisi ya ANADEC. Mafunzo ya kutunza hesabu ndiyo kazi ambayo ofisi hii, kwa majina yake yote matatu, imeifanya kwa muda mrefu zaidi, na inastahili shukrani kwayo. Hata hivyo daftari huandika mauzo, haliyaumbi. Mtu aliyejifunza kuandika vizuri kila anachouza, na asiuze, atabaki na daftari safi.

Upande wa karatasi, hatua za kweli zimepigwa, na nyingine zimechelewa mno. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mumewe kabla ya kufanya tendo la kisheria linalomfunga. Maana yake kwa benki ilikuwa nyepesi: mama anayeuza samaki wa Zambia au kitenge, anayelisha nyumba nzima na kulipa karo, hakuweza kutia sahihi mkataba wa mkopo peke yake. Kifungu hicho kiliondolewa kwa sheria ya Julai 15, 2016. Miaka 29 ni maisha mazima ya biashara. Katika kipindi chote hicho wanawake walijitegemea kwa likelemba, ile michango ya zamu ambayo Wazambia ng'ambo ya mpaka huiita chilimba. Likelemba haitaki hati wala idhini, inataka kuaminika, na nidhamu yake ya malipo ni somo kwa benki yoyote. Udhaifu wake ni kipimo: inatosha kununua gunia la bidhaa, haitoshi kununua lori.

Mwaka 2012 Kongo iliingia katika OHADA, umoja wa sheria za biashara wa nchi za Kiafrika, ambao ulileta hadhi ya kisheria kwa mjasiriamali mdogo kabisa kwa kujitangaza tu, na kituo kimoja cha kuandikisha biashara kikaanzishwa ili mtu asizunguke ofisi kumi. Mwaka 2020, pamoja na ANADEC, ukazaliwa FOGEC, mfuko wa kudhamini mikopo, unaokusudiwa kusimama mahali pa hati ya kiwanja ambayo wengi hawana. Wazo hilo ni sahihi, hasa katika mji kama Kipushi ambako nyumba nyingi za kambi zilijengwa kuwa za kampuni, si za mtu. Lakini dhamana haipunguzi bei ya fedha yenyewe. Mwezi Agosti 2023 Benki Kuu ilipandisha riba yake ya msingi kutoka asilimia 11 hadi 25, na kwa kuwa mikopo mingi nchini hutolewa kwa dola, mwenye duka anayeuza kwa franka hubeba pia hatari ya franka kushuka. Kwa riba ya namna hiyo, mkopo unamfaa yule tu ambaye tayari ana agizo lenye tarehe ya kulipwa.

Hapo ndipo ninapoiona sheria namba 17/001 ya Februari 8, 2017 kuwa badiliko kubwa kuliko yote katika historia hii, ingawa haikupitia ofisi ya mwaka 1973. Sheria hiyo inahusu ukandarasi mdogo katika sekta binafsi. Inasema kazi ambazo kampuni kuu inazitoa nje zihifadhiwe kwa kampuni zenye mtaji wa Wakongo na zinazoendeshwa na Wakongo. Inazuia kutoa nje zaidi ya asilimia 40 ya thamani ya mkataba mkuu. Na inaitaka kampuni kuu imlipe mkandarasi mdogo angalau asilimia 30 kabla kazi haijaanza. Mwaka 2018 iliundwa mamlaka ya kuisimamia, ARSP. Kifungu cha asilimia 30 hakisemwi sana katika hotuba, nami nakithamini kuliko vingine. Mwenye karakana ya kushona nguo za kazi akipata agizo la mgodi, adui yake ni ile miezi kati ya kununua kitambaa na kulipwa ankara. Malipo ya mwanzo yanaifupisha miezi hiyo bila benki, bila riba na bila hati. Kampuni kubwa ndiyo inayomkopesha mdogo, jambo ambalo kwa kawaida huwa kinyume chake.

Pingamizi la kwanza dhidi ya sheria hii ni kwamba ni 1973 imerudi kwa nguo nyingine. Nalichukua kwa uzito, kwa kuwa kumbukumbu ya rafu tupu bado ipo hai. Tofauti ni ya msingi: mwaka 1973 mwenyewe alinyang'anywa mali na akapewa mwingine, mwaka 2017 hakuna aliyepokonywa duka, bali agizo ambalo bado halijatolewa linaelekezwa kwa anayeshindania. Lakini mfanano upo pia, na ni wa hatari. Kama vile mali ya mwaka ule iliangukia kwa wenye majina, ndivyo mikataba ya leo inavyoweza kuangukia kwa Mkongo wa kwenye karatasi anayeazima jina lake kwa mgeni, au kwa jamaa wa mkubwa. Mamlaka yenyewe imelalamikia majina ya kuazima mara nyingi. Dawa ya ugonjwa huo ni uwazi: orodha ya wenye hisa, thamani ya mikataba, na jina la aliyeshinda zabuni, vikitangazwa mahali ambapo washindani wa mji uleule wanaweza kuvisoma.

Pingamizi la pili ni la ubora: mgodi hauwezi kusubiri fundi ajifunze. Sheria yenyewe imelijibu kwa kiasi, maana inaruhusu kampuni ya kigeni pale ujuzi wa Kikongo unapokosekana, kwa muda usiozidi miezi sita. Kipushi inalijibu zaidi. Mgodi uliofunguliwa upya, wa kampuni ya KICO inayomilikiwa na Ivanhoe Mines ya Kanada pamoja na Gécamines, ulitoa makinikia yake ya kwanza ya zinki mwezi Juni 2024, kutoka kiwanda kilichopangiwa kusaga tani 800,000 za mawe kwa mwaka. Kazi ya kushuka shimoni inahitaji wataalamu wachache na mashine ghali, na hakuna anayedai apewe muuza mboga. Lakini mgodi huo pia unakula, unavaa, unafagia, unajenga kuta, unachomelea vyuma na kubeba watu asubuhi na jioni. Tatizo la kazi hizi ni ukubwa wa furushi. Kazi ya kupikia watu mamia ikitolewa kama mkataba mmoja, inamfikia tu mwenye mtaji mkubwa kutoka Lubumbashi au mbali zaidi. Ikigawanywa, mayai kwa huyu, mkate kwa yule, usafirishaji kwa wa tatu, inawafikia watu ambao ANADEC imekuwa ikiwafundisha daftari kwa miaka hamsini. Kugawanya kunamwongezea kazi ofisa manunuzi, hilo silikatai, na ndiyo sababu wakala huu ungefaa kuweka watu wake karibu na lango la mgodi, wakusanye wauzaji wadogo, wapime ubora wao na kuwasilisha ankara moja kwa niaba yao.

Yupo mnunuzi mwingine ambaye husahaulika. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa serikali ya mashinani iliyo na mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hapo kampuni hutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka. Kwa mara ya kwanza tangu pampu zilipobaki peke yao mwaka 1993, fedha za mgodi zinarudi kwa wakazi wa eneo hili kwa njia nyingine isiyo mshahara, na fedha hizo hutumika kununua vitu: madawati, mabati, matofali, vitanda vya zahanati. Mafundi seremala na wachoma matofali wapo hapahapa, baadhi wakiwa watoto wa wafanyakazi wale 10,655. Tangazo la zabuni likibandikwa Kipushi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, likiwa na muda wa kutosha na asilimia 30 ya malipo ya mwanzo iliyoandikwa waziwazi, watalisoma na kuleta bei zao.